Wiki Moja Bila Archie

Ishbel Tannock alikuwa ameipanga wiki ile kwa miezi minne, na hakumwambia mtu sababu yake hasa. Majirani zake wa Greenock aliwaambia anakwenda kupanda miti. Kwa binti yake Rhona alisema daktari kamshauri atembee zaidi. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini jambo lililomsukuma ni kwamba alitaka siku saba bila kuisikia sauti ya mumewe.

Si kwamba hakumpenda Archie. Walikuwa wameoana miaka thelathini na tisa, na bado alipomwona akivuka barabara na kofia yake ya sufu kaivuta hadi kwenye nyusi, alitabasamu peke yake. Ila tangu Archie astaafu, alikuwa akimfuata kutoka chumba hadi chumba kama redio yenye miguu. Alimweleza jinsi ya kupanga vikombe. Alimsomea gazeti huku naye analisoma. Ishbel akienda msalani, Archie alisimama nje ya mlango akamalizia hadithi. Ishbel alikuwa amepika chakula cha shule kwa miaka thelathini, watoto mia tatu kila mchana, na masikio yake yalikuwa yamechoka.

Basi alipoona tangazo maktabani, kwamba wanahitajika watu wa kujitolea kurudisha msitu wa misonobari katika bonde la Ardvannie, wiki ya mwisho ya Mei, alijiandikisha siku hiyo hiyo. Akanunua buti. Archie alimsindikiza hadi stesheni, akambusu, akamwambia ajihadhari na kinamasi. Hakulalamika hata kidogo. Jambo hilo lingemtia shaka mwanamke mwingine.

Alilala usiku mmoja kwa Rhona, kule Perth, na asubuhi ya Jumamosi akapanda treni hadi Inverness. Nje ya stesheni lilisimama basi dogo la kambi, limejaa matope mpaka madirishani. Ishbel akavuta mlango.

"Haya, umechelewa!" ilisema sauti kutoka kiti cha nyuma. "Nimekuwekea kiti cha dirishani."

Archie alikuwa amevaa koti jipya la mvua la rangi ya chungwa. Mkononi alikuwa na mfuko wa peremende, na uso wake ulijaa furaha ya mtoto aliyejificha kabatini na sasa kaonekana.

"Archie," alisema Ishbel. "Unafanya nini humu?"

"Nimejiandikisha na mimi! Miezi mitatu nimeficha, bibie. Mimi! Rhona alikuwa anajua. Niambie, umeshtuka, hujashtuka?"

"Nimeshtuka," alisema Ishbel, akaketi.

Kambi ilikuwa nyumba ya zamani ya mawe chini ya mlima, na nyuma yake banda la vifaa na kitalu cha miche. Wanawake walilala upande mmoja, wanaume upande mwingine, na Ishbel alishukuru angalau kwa hilo. Kiongozi wao alikuwa Marsali MacRury, msichana wa miaka ishirini na tisa mwenye mikono mipana na sauti ya kuita mbwa mlimani. Alizaliwa bonde lile lile. Aliwaonyesha mlima uliokuwa mtupu, wa kahawia, na huku na huko msonobari mmoja mmoja, mikongwe, imepinda.

"Hiyo ndiyo iliyobaki," alisema. "Michanga yote inaliwa na kulungu kabla haijafika gotini. Ndiyo maana tumezungusha uzio. Ndani ya uzio tunapanda, nje ya uzio tunaomba Mungu."

Kisha akawagawa wawili wawili, na kwa nia njema kabisa akasema, "Nyie wapenzi wawili, nimewaweka pamoja."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Mmoja anafungua shimo kwa sepetu, mwingine anatia mche na kushindilia udongo kwa kisigino, kisha hatua mbili mbele. Ishbel alishika sepetu. Archie, kwa sababu ya magoti yake, alishika mfuko wa miche. Na kila mche aliupa jina. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha meli pale mjini, na alipokosa majina mengine aliipa miche majina ya wenzake wa zamani.

"Huyu ni Tam Mnene. Kaa hapo, Tam, usinywe sana. Huyu hapa Sneddon, mwekeni mbali na Tam, anamdai."

Watu walicheka. Kufika Jumatatu, mlima mzima ulikuwa unaipa miche majina. Daktari wa meno mmoja mstaafu kutoka Fife, Bwana Pringle, mtu mkavu ambaye siku ya kwanza hakusema zaidi ya "asante" na "nipitishie chumvi", alisikika akiuambia mche, "Haya, Bi Lorimer, fungua mdomo." Jioni mezani kila mtu alitaka kuketi karibu na Archie. Walimmiminia supu. Marsali alimwita Mzee wa Kambi.

Ishbel aliyaona hayo yote, na moyo ulimuuma kwa namna mbili. Alijivunia mume wake. Na alitamani kumwekea soksi mdomoni.

Jumatano ilinyesha tangu asubuhi, mvua nyembamba isiyokata. Visubi wa kwanza wa msimu, wadudu wadogo wanaouma, waliingia masikioni na puani. Ishbel alikuwa ameshachimba mashimo mia moja na arobaini, mgongo unawaka, wakati Archie alipoinama kuangalia.

"Unachimba juu juu, mama. Ungeinamisha sepetu kidogo. Hivi. Hapana, hivi. Nimekuambia tangu jana—"

"Archie!" Aliitupa sepetu chini. "Unajua kwa nini nilikuja huku? Unajua? Nilikuja nikukimbie wewe! Siku saba! Siku saba tu nisikie upepo, nisikie ndege, nisisikie mtu ananieleza jinsi ya kushika sepetu! Nawe ukanifuata mpaka huku!"

Sauti yake ilienda mbali kuliko alivyotaka. Upande wa pili wa kijito, Bwana Pringle aliutazama mche wake kwa makini sana.

Archie alijinyoosha polepole. Maji yalikuwa yanamdondoka puani. Akauweka mfuko wa miche karibu na miguu ya Ishbel, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha kioo.

"Sikujua," alisema. Akashuka mlima kwa upande upande, jinsi magoti yake yalivyomruhusu.

Mchana ule Ishbel alipanda peke yake. Na lazima isemwe: alifurahia. Aliona aibu, lakini alifurahia. Mvua ilikatika, na kwa saa mbili hakusikia kitu ila kijito na ndege mmoja aliyekuwa akirudia jambo lile lile bila kumtaka jibu. Mabega yake yalishuka yenyewe.

Jioni Archie aliketi meza ya mwisho, akala uji wake wa shayiri na nyama, akasema "asante". Mtu alimwomba hadithi ya meli iliyozinduliwa rangi haijakauka. Alisema ataisimulia siku nyingine. Chumba kilipoa. Marsali alimtazama Ishbel, kisha akatazama sahani yake.

Usiku ule upepo uliangusha mti juu ya uzio. Asubuhi ya Alhamisi Marsali aliingia jikoni na darubini shingoni.

"Tuna wageni. Kulungu jike na mwanawe wa mwaka jana. Wako ndani, juu pale, wanakula kazi yenu ya juzi. Uzio nimeshauziba, lakini sasa nimewafungia ndani." Akavuta pumzi. "Wasipotoka leo, kesho lazima nimwite mwenye bunduki. Sipendi, lakini miche ni elfu kumi na nane. Basi tujaribu kuwatoa kwa miguu."

Mpango ulikuwa huu: wangejipanga mstari mmoja kutoka juu mlimani hadi kijitoni, wakatembea polepole, wakiwasukuma wanyama kuelekea geti la chini. Geti litakuwa wazi. Mtu mmoja atalala kwenye majani karibu nalo, ameshika kamba, na kulungu wakishatoka atalifunga.

"Huyo mtu asitikise hata kidole," alisema Marsali. "Asikohoe. Huenda ikawa saa nzima, huenda mbili. Ni kazi ya asiyeweza kutembea mlimani." Akasita. "Mzee Archie, utaweza kunyamaza?"

Watu walicheka. Archie hakucheka.

"Nitaweza," alisema, akavua lile koti la rangi ya chungwa, akaazima la kijani.

Ishbel aliwekwa mwisho wa mstari, upande wa kijito, kwa hiyo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na geti. Walitembea, kila mmoja na fimbo mkononi. Mvua ilirudi. Hatua kumi, wanasimama. Hatua kumi, wanasimama. Jike lilionekana mbele, shingo ndefu, masikio yanageuka, na nyuma yake mwana mwenye miguu iliyozidi mwili. Walisogea, wakasimama, wakasogea.

Mita hamsini kutoka getini, Marsali aliinua mkono na mstari wote ukatulia. Ishbel aliweza kumwona Archie, ama tuseme mgongo wake, amelala kifudifudi kwenye udongo mweusi. Dimbwi lilikuwa limejaa kumzunguka hadi mbavuni. Jike lilienda hadi getini, likanusa, likapita. Lilipita karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mkono angeligusa kwato. Hakunyoosha.

Lakini mwana aligoma. Alifika getini, akarudi. Akafika tena, akarudi mbio hadi karibu na Ishbel, macho yamemtoka. Jike lilisimama nje, likamngoja. Dakika zikapita, kumi, ishirini. Ishbel alihesabu pumzi zake. Aliona visubi wametanda juu ya kichwa cha Archie kama moshi, na kofia yake imedondoka, na upara wake wote wazi kwao. Mtu yule ambaye hakuwahi kuvumilia foleni ya benki bila kumsemesha aliye mbele yake, hakujikuna, hakuinua hata uso.

Mwishowe jike lilitoa sauti, fupi, ya chini, na mwana akaruka getini kama aliyesukumwa. Kamba ikakaza. Geti likajifunga.

Mlima mzima ulipiga kelele. Ishbel aliitupa fimbo yake akakimbia.

Archie alikuwa bado amelala. "Siwezi kuinuka," alisema, meno yanagongana. "Magoti yamekufa. Wametoka wote wawili?"

"Wametoka." Alimgeuza, akamvuta hadi kwenye jiwe, akaanza kumsugua magoti kwa nguvu zote. Uso wake ulikuwa umevimba kila mahali. "Pumbavu wewe. Ungepata homa ya mapafu."

"Alinitazama, Ishbel. Yule mama. Alinitazama hivi, na..."

Wengine walikuwa wanakuja. Marsali aliwaona, akawazuia kwa mkono.

"Ni kweli unanikimbia?" aliuliza Archie.

"Ni kweli. Wiki moja, Archie. Si maisha yangu yote."

Archie alijikuna upara. "Pale kiwandani tulikuwa watu elfu mbili, na nyundo, na vyuma. Ulikuwa hujisikii hata unapofikiri. Siku walipofunga, nilisimama getini nikasikia ndege. Ndege, Ishbel, katikati ya mchana! Nikaona kama nimekufa. Mpaka leo nyumba ikiwa kimya naona vilevile. Basi nazungumza."

Ishbel aliacha kusugua. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia akisema hivyo. "Na mimi nilikuwa na watoto mia tatu na sufuria," alisema. "Nilipotoka nilitaka kimya tu. Sote tumetoka kwenye kelele, ila kila mtu na njaa yake."

"Ungeniambia."

"Ungenipa nafasi lini?"

Archie alimtazama kwa macho yaliyovimba, kisha akaanza kucheka, akikohoa, akitetemeka, na Ishbel akacheka mpaka ikambidi ajishikilie kwenye jiwe. Bwana Pringle akaja na blanketi na chupa ndogo ya wiski, akasema kwa sauti yake kavu kwamba yeye kama mtaalamu anaiagiza kwa ajili ya meno.

Siku mbili zilizobaki Archie alikaa kitaluni akihamisha miche kwenye vyungu, na kila aliyepita alisimama kuongea naye, na hakuna aliyechoka kwa sababu kila mtu alikaa robo saa tu. Ishbel alipanda peke yake juu mlimani. Saa ya chakula alishuka akaketi karibu naye, akiwa na hamu ya kumsikiliza.

Walikubaliana ndani ya treni, kabla ya kufika Perth. Kambi ya Mei ni ya Ishbel peke yake. Oktoba, wiki ya kukusanya mbegu za misonobari, ni ya Archie.

Archie alirudi Oktoba ile siku ya Jumamosi jioni, na ndevu za wiki moja na harufu ya utomvu. Ishbel alikuwa amekaa siku saba katika nyumba tulivu. Alikuwa amesoma vitabu vitatu, akapanda kivuko hadi Dunoon na kurudi bila sababu yoyote, na Ijumaa akajikuta amepika supu ya watu wawili. Alimvua koti. Archie alisimama katikati ya jikoni, akajizuia, akamtazama kwanza kama anayeomba ruhusa.

Ishbel aliweka birika motoni, akavuta viti viwili.

"Haya," alisema. "Anza na basi lilivyofika stesheni. Na usiruke kitu."