Kwaya ya Friji

Kwaya yetu hufanyia mazoezi kwenye bucha ya shemeji yangu, jioni akishafunga. Kinanda hatuna. Sauti ya kuanzia tunaichukua kwa friji yake kuukuu, inayonguruma kutwa kama mtu aliyenuna. Mimi kelele hiyo inanikera mpaka basi, na wiki ya tamasha nilikuwa nimeshamwita fundi aje kuitengeneza.

Siku ya tamasha tulipanda jukwaani na wimbo wa zamani wa Kiingereza, wa bwana mmoja anayekufa kwa mapenzi, bila chombo hata kimoja. Mwalimu akanyanyua mkono. Kimya. Tukatazamana. Ukumbi mzima hauna friji!

Akina mama wa sauti ya kwanza wakaanzia darini, wanaume wakaanzia huko wanakokujua wenyewe. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo shemeji, mwimbaji wetu wa besi anayesinzia kila mazoezi, akafumba macho, akavimbisha mashavu, akanguruma: "Mmmmmm." Friji yenyewe, na mtetemo wake juu!

"Hiyo hiyo!" akanong'ona mwalimu.

Tukaingia sote kwa pamoja. Bwana wa watu hajawahi kufa vizuri vile, nasi tunatabasamu mpaka magego yanaonekana. Ukumbi ukasimama kutupigia makofi.

Kesho yake, katikati ya mazoezi, fundi akaingia na begi lake la vifaa.

"Nimeitwa. Friji inapiga kelele?"

"Kelele gani?" nikamfokea, mimi mwenyewe niliyempigia simu.

Tukamtimua kwa sauti nne.