Herufi Zilizonenepa

Mzee Wabwile aliingia dukani kwa bintiye asubuhi, mji wa Kitale ukiwa umeshachangamka na redio ya jirani ikipiga kelele za bei ya mahindi, akaweka kimashine chake juu ya kaunta taratibu kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa kwa daktari wa mifugo.

"Skrini imekufa," alisema. "Tengeneza."

Phelista alikijua kimashine hicho tangu utotoni. Ilikuwa kompyuta ya mkononi ya rangi ya majivu, kubwa kidogo kuliko simu, yenye kalamu ya plastiki ubavuni, inayokula betri za redio. Mradi mmoja wa mahindi uliwagawia maafisa wa kilimo zamani, baba yake akiwa mmoja wao, ili waandikie vipimo vya mvua. Wenzake wote walishatupa zao ama wakawapa watoto wachezee. Yeye alistaafu nayo. Mpaka leo, nyumbani kwake Tongaren, kila asubuhi hupima mvua kwenye kopo lake, akaandika kwenye kimashine, kisha akasimama uani akisoma kwa sauti alichoandika jana na juzi, mpaka mkewe Lenah amwambie kwamba hata ng'ombe wamesikia.

Phelista alibonyeza kitufe. Skrini ikawaka, nzima kabisa. Herufi zilikuwa pale, nyeusi, nene kama maharagwe, maneno matatu tu yamejaza nafasi yote.

"Unaona?" mzee akauliza. "Hakuna kitu."

Kutengeneza simu ndiyo kazi ya Phelista. Skrini iliyokufa anaijua na skrini nzima anaijua. Kilichokuwa kinakufa hapo ni macho ya baba yake, na yeye ndiye aliyekuwa amekificha kifo hicho zaidi ya mwaka, kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini tusimrukie bado. Mambo ya namna hii hayaanzi na ubaya.

Alikuwa amekwenda nyumbani wakati wa palizi. Mzee ana sukari ya siku nyingi, na siku hizo alikuwa ameanza kumimina chai kando ya kikombe. Mama Lenah alikuwa amemtafutia nafasi kwenye kliniki ya macho Bungoma, na yeye, baada ya kunung'unika sana, alikubali kwenda. Phelista alimkuta uani amekishika kimashine mbali na uso, halafu karibu, halafu anakisugua kwa shati. Kukisugua kulimchoma roho. Babu yake Phelista, baba mzazi wa Wabwile, alipofuka akamaliza miaka yake akivutwa kwa fimbo na wajukuu, na Wabwile alishasema mbele ya watu kwamba yeye hatamnyooshea mtu mkono amwongoze, afadhali akae ndani. Mtu haogopi kifo, anaogopa kushikwa mkono. Ndivyo alivyo.

Basi mzee alipolala baada ya chakula cha mchana, Phelista alikichukua kimashine. Ndani yake kuna programu ndogo ya kuchora herufi. Unafungua herufi moja, inakuja kwenye viboksi vidogovidogo kama daftari la hesabu. Ukigusa kiboksi kwa kalamu kinakuwa cheusi, ukikigusa tena kinarudi cheupe. Baba yake ndiye aliyemfundisha akiwa shule ya msingi, akamwachia aichore P ya jina lake na mkia mrefu, na mkia huo haukufutwa kamwe. Alikaa jikoni akazinenepesha zote, moja baada ya nyingine, a mpaka z na tarakimu juu, akiongeza kiboksi huku na kiboksi kule. Zile za zamani hakuzifuta, aliziweka pembeni. Ilikuwa zawadi. Alipanga kumwonyesha jioni wacheke pamoja, kisha siku ya kliniki ikifika mzee aende zake.

Lakini mzee aliamka mapema kuliko alivyodhani. Alikiokota kimashine mezani akatoka nacho uani, na mara wakasikia, "Lenah! Lenah, kuja!"

Alikuwa anasoma. Alisoma mvua ya jana, akasoma ya juzi, akasoma ya wiki iliyopita, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, mtu ambaye hakulia hata siku ya kumzika mama yake. Mama Lenah alipiga magoti palepale kwenye matope. Phelista alifungua mdomo aseme. Jamani, alifungua, asisingiziwe. Ila mama alikuwa ameshaanza wimbo wa sifa, na wimbo haukatizwi. Akasema atawaambia wakimaliza. Walipomaliza, mzee alikuwa ameshampigia pasta.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. "Mmekuwa mkinishikia mlango," aliwaambia. "Mmeona nikisalimia mtu na kumwita jina la mwingine. Leo nasoma. Hakuna miwani, hakuna daktari. Ni Mungu tu." Akawasomea kutoka kwenye kimashine, wakamshangilia, akina mama wakapiga vigelegele, pasta akakishika akakiinua juu watu wote wakione. Phelista alikuwa kwenye benchi la tatu. Alipiga makofi. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza hata kujifanya anatafuta leso. Alipiga makofi kama wengine, na hayo makofi ndiyo yaliyokuja kumla kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya kliniki ilipofika mama alimpigia simu. "Baba yako anasema kwenda hospitali sasa ni kumtukana Mungu."

"Sawa, Mama," Phelista akasema.

Sawa gani hiyo? Alijiuliza hivyo mwenyewe akiwa bado ameshika simu sikioni. Alijua sukari huyafanya nini macho, na alijua kuna neno moja tu la kusema, na hakulisema. Angelisema, ushuhuda wa baba yake ungegeuka uongo mbele ya Tongaren nzima, na wale wanaume wa sokoni ambao kazi yao ni kucheka watu wangepata cha kucheka mpaka Krismasi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli wa ndani zaidi ni kwamba alijionea aibu yeye mwenyewe, na aibu ilimshinda nguvu.

Kuanzia hapo kila alipokwenda nyumbani alingoja mzee aende kukamua, akazinenepesha herufi kidogo tena. Utauliza, kwani mzee hakuona kwamba maneno yanapungua kwenye skrini? Aliona. Alisema kimashine kimezeeka, siku hizi kinapumzika kila baada ya neno kama yeye mwenyewe kwenye kilima cha mtoni, akacheka. Phelista naye akacheka. Mara ya mwisho programu ilikataa. Viboksi vilikuwa vimeisha, herufi imegusa pande zote, hakuna mahali pa kuongeza hata nukta. Alirudi Kitale akiomba ziwe zimetosha.

Hazikutosha. Sasa mzee alikuwa mbele ya kaunta, anamtazama pembeni kidogo ya uso, anasubiri jibu.

"Hii sitaiweza hapa, Baba," akasema. "Twende Bungoma. Leo."

"Kuna fundi wa hii huko?"

"Yuko."

Hata hapo, jamani, alidanganya.

Walipopita Kanduyi, Bungoma ikiwa karibu, mzee alikuwa bado anazungumzia mafundi, kwamba wa siku hizi hawana subira. Mlangoni mwa kliniki alivuta hewa yenye harufu ya dawa, akasimama.

"Phelista. Hapa si kwa fundi."

"Hapana, Baba. Ingia tu."

Aliingia kwa sababu watu walikuwa wanangoja nyuma yake na yeye ni mtu wa heshima. Daktari alikuwa mama mmoja anayeitwa Jepkoech, mpole, asiyezungusha maneno. Alimtia matone, akamweka kidevu kwenye mashine, akaangalia jicho moja, akaangalia la pili, akarudi kwa la kwanza.

"Mzee, sitakuficha," alisema. "La kushoto limeenda. Ni sukari, imeharibu mishipa huko nyuma, na si ya juzi. La kulia bado liko na mwanga. Ukikubali, tunaanza sindano leo. Ukikaa, litafuata mwenzake."

"Sindano ya mkono?"

"Ya jicho, mzee. Tunatia ganzi kwanza."

Mzee Wabwile alitabasamu, tabasamu la mtu anayemwonea mwingine huruma. "Daktari, wewe umesoma, na nakuheshimu. Lakini hii macho Mungu alishaponya mwaka jana. Nilitoa ushuhuda. Kanisa yote iko na habari. Sasa shetani anajaribu ushuhuda wangu, na mimi nikikubali unidunge, si nitakuwa nimesema Mungu alinidanganya? Yeye aliyafungua. Atayafungua tena." Akapapasa magotini akatafuta kofia yake, akaivaa. "Phelista, twende."

Phelista hakuinuka. Aliona akilini baba yake akitoka mlangoni na kofia yake, anarudi Tongaren kuomba, anaomba mpaka jicho la mwisho linazimika, na anakufa siku moja akiamini kwamba Mungu ndiye aliyebadili nia.

"Baba, kaa," alisema. "Hukuponywa. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi nilikuza herufi. Siku ile ulikuwa umelala. Nilitaka kukuonyesha jioni, ukaamka ukafurahi, nikashindwa kusema. Na kila nilipokuja nyumbani nilizikuza tena. Macho yako hayakurudi, Baba. Ni herufi zilikuwa zinakufuata."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Unasema hivyo ndio nidungwe. Mama yako amekufundisha."

Angebisha mpaka jioni, na Phelista alijua. Alikitoa kimashine mfukoni mwa koti la mzee, akafungua programu, akazitafuta zile herufi za mwanzo alizokuwa ameziweka pembeni, akazirudisha. Kalamu ilimponyoka ikaanguka, daktari akamwokotea. Kisha akakiweka mkononi mwa baba yake kwenye ukurasa ule ambao mzee alikuwa ameutenga peke yake ili uwe wa kwanza kufunguka.

Mzee alikileta karibu na pua. Akakipeleka mbali. Akageukia dirishani, akakiinamisha huku na huku, akakisugua kwa shati.

"Umezima," alisema.

"Sijazima, Baba."

Akanyoosha mkono kuelekea sauti ya daktari. "Daktari, wewe hunijui. Kuna kitu hapa?"

"Kuna, mzee. Mistari mingi."

"Nisomee."

Daktari alimtazama Phelista kwanza. Kisha akasoma kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma karatasi za wagonjwa. "Leo Phelista amekuja nyumbani. Mvua kidogo usiku. Mungu amenirudishia macho yangu, na mtoto wangu alikuwepo akaona."

Mzee Wabwile aliketi. Alivua kofia akaiweka kwenye goti, akaishika kwa mikono miwili. Phelista alitamani amgombeze, amwite mbwa, amfukuze mbele ya wageni. Angepumua.

"Siku ile kanisani," mzee akasema, "ulipiga makofi?"

"Nilipiga."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu. Halafu akageuka. "Daktari, lete hiyo sindano yako."

Walipotoka jua lilikuwa limeanza kulegea. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa kwa bandeji nyeupe, na daktari alikuwa amewaambia warudi mwezi ujao na ujao tena, kwamba litakalookoka litaokoka na lililoenda limeenda. Walikaa kwenye benchi la nje. Kimashine kilikuwa mapajani mwa mzee, kimewaka, kidole chake kinabonyeza kufungua ukurasa baada ya ukurasa ambao hauoni.

"Bandeji ikitoka, Baba, nizikuze tena? Safari hii ukijua?"

"Usiguse." Alikizima mwenyewe. "Nataka nikiamka asubuhi nijue nimeamka na macho gani."

"Sawa, Baba."

"Na Jumapili utasimama wewe. Pale nilisimama mimi. Utawaambia yote, hata makofi. Mimi nitakaa kwa benchi, nitasikiliza."

Phelista aliona benchi la tatu, akaona uso wa mama yake, akaona pasta. "Nitasimama," alisema.

Mzee aliinuka. Phelista alimshika kiwiko, naye akakiondoa bila hasira, akaanza kwenda peke yake kuelekea kelele za barabarani. Alikwenda hatua chache akagonga chungu cha maua, akasimama. Alikaa hivyo kwa muda, mgongo ameuelekeza kwake, watu wakimpita huku na huku. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma. Phelista akaenda akaushika, wakatoka langoni polepole.