Tairi la Nyuma, Upande wa Kushoto

Lori letu lilikwama mara ya tatu juma lile, na palepale, pale njia ya tanuri la matofali inapopinda kabla ya kupanda. Nilikuwemo ndani. Kwenye usukani alikuwa binti yangu, kitinda mimba. Alikanyaga mafuta taratibu kama baba yake alivyomfundisha, lakini tairi la nyuma la kushoto likazunguka bure kwenye utelezi, likarusha matope mpaka kwenye kioo cha pembeni. La kulia lilitulia tuli, kama vile safari haikulihusu.

Wapakiaji waliokuwa juu ya matofali wakashuka wakicheka.

"Dada, tukuitie mkunga?" mmoja akauliza. "Maana hili lako linasukuma tu, halizai."

Msimamizi wa tanuri hakucheka. Alikuja na mabuti yake mpaka kwenye mlango wa lori, upande wangu.

"Shikamoo, mama. Mimi nakuheshimu, na marehemu mumeo nilimheshimu. Lakini wateja wananisumbua. Mkikwama tena Jumatatu, kazi hii nampa mkubwa wako. Lori lake linapanda hapa na mzigo uleule, wala halihemi."

Mkubwa wangu ni kaka yake huyo binti. Lori lake ni pacha wa letu, limetoka kiwanda kimoja. Tofauti niliyoijua ni rangi tu, letu la kijani na lake la bluu.

Alasiri hiyo alikuja nyumbani. Aliketi kwenye kiti cha baba yake na viatu mguuni, udongo ukadondoka juu ya mkeka niliotoka kuufua.

"Mama, tuseme ukweli," akaanza. "Lori lile limepanda kile kilima miaka kumi na minne. Baba hakukwama hata siku moja. Leo linakwama kila kukicha. Kilichobadilika ni nini?"

Nilikuwa nautazama udongo juu ya mkeka.

"Dereva," akasema. "Hicho tu ndicho kilichobadilika. Mimi nishike njia ya tanuri, yeye aliegeshe hilo lori tumtafutie kazi ya kukaa."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, matope yamemkaukia mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, tairi moja linazunguka na jingine limelala. Hiyo ni difu, ile gia ya katikati ya matairi ya nyuma. Fundi anasema ziko difu zenye sahani ndani, zinabana. Tairi moja likiteleza, la pili linasukuma. Nataka tutafute ya namna hiyo."

"Difu," akacheka. "Mtu hajui kuendesha, anataka abadilishiwe vyuma. Kesho atasema na kilima kibadilishwe."

"Basi njoo upande wewe na la kijani, nikuone."

"Sina muda wa kufundisha watu."

Binti yangu akatoka kwenda kunawa matope. Miezi saba tangu tumzike baba yake amekuwa akitoka kabla ya kuku, anarudi mkono wa dirishani umeungua jua na mwingine mzima, na hajawahi kunirudishia lori bila kulifuta vioo. Ikawa neno lile "dereva" halinitoki kichwani. Lakini sikutaka kumtetea kwa kuwa ni mwanangu. Wote wawili ni wanangu. Nilitaka kujua. Nikalichukua lile swali la mkubwa nikalichambua kama mchele: kilichobadilika ni nini?

Marehemu mume wangu alikuwa na kawaida yake. Kila mvua zikiisha alinyanyua lori nyuma, matairi yote ya nyuma yakawa hewani, asafishe breki. Mimi nilikaa kushoto na beseni la sabuni na brashi, yeye kulia. Basi alipozungusha la kwake, la kwangu nalo lilizunguka, tena kuelekea kulekule, maji ya sabuni yakaniruka kwenye gauni. Nilimgombeza miaka yote. Alikuwa akinijibu, "Shika vizuri, mke wangu, miguu ya huyu inakwenda pamoja."

Jumamosi asubuhi nikamwita fundi uani. Jina lake la utani ni Kimya, kwa sababu anaongea kuliko redio. Nikamwambia azuie matairi ya mbele kwa magogo, anyanyue nyuma pande zote mbili, aweke gia huru.

"Bibi, leo unafungua gereji? Mimi nitaajiriwa au nitafukuzwa?"

"Nyanyua."

Nikaleta kigoda changu na beseni lilelile. Nikaketi kushoto, nikalipaka tairi sabuni.

"Zungusha la kwako, kwenda mbele."

Akazungusha. La kwangu likarudi nyuma.

"Tena."

Likarudi nyuma tena. Gauni langu lilibaki kavu.

"Ndiyo difu ya kawaida hiyo, Bibi," alisema. "Yenye sahani ingezungusha yote upande mmoja."

"Ilikuwa inazungusha upande mmoja."

Kimya alinyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue. Akalala chini na tochi, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono polepole.

"Nati zote zina alama mpya za spana. Na gundi iliyopakwa pale si ya kiwandani. Nani aliifungua difu hii?"

Nilimjua. Mwaka jana, mume wangu akiwa amelazwa, mkubwa alikuja kwangu kuomba funguo. Alisema sili ya difu, ule mpira wa kuzuia mafuta, inavuja, atalipeleka kwa mtu wake. Funguo nilimpa kwa mkono wangu. Lori likarudi siku ya nne, limeoshwa linang'aa, nikamwombea heri. Kisha likakaa uani mpaka msiba ulipopita na binti yangu akaliwasha. Kwa hiyo katikati ya hapo hakuna aliyelipandisha kilima.

Nikampigia simu aje na lori lake. Alikuja amevaa shati jeupe.

"Fundi, nyanyua la bluu," nikasema.

"La nini, mama? Nina safari."

Alipogeuka kurudi ndani ya lori, dada yake alikuwa ameshachomoa funguo.

Nikahamishia kigoda changu kwenye lori la bluu, upande wa kushoto, nikapaka sabuni. Kimya akazungusha la kulia kwenda mbele. La kwangu likaenda mbele. Maji yakaniruka kwenye gauni, magotini, palepale yalipokuwa yakiniruka enzi zile.

Kimya akazungusha tena, maji yakaniruka tena.

"Mama," mkubwa akaanza, "lilikuwa limekaa tu. Hakuna aliyekuwa analiendesha."

"Aliyekuwa analiendesha alikuwa hospitali. Kila siku aliulizia lori lake. Wewe ulisimama pembeni ya kitanda ukamwambia liko salama."

"Ningerudisha."

"Lini? Ukishachukua kazi ya tanuri?"

Akatazama viatu vyake.

"Kwa chuma ningekugombeza nusu siku, yakaisha," nikamwambia. "Lakini ulikalia kiti cha baba yako ukamwambia dada yako hajui kuendesha, na ulijua. Umewaachia wapakiaji wamcheke miezi saba, na ulijua."

"Basi fundi aitoe, airudishe."

"Fundi hatashika spana. Atakuelekeza. Utaitoa wewe na utaifunga wewe."

Alinitazama aone kama nitalegea. Sikulegea. Akalala chini ya lori la bluu na shati lake jeupe, akaanza kuhangaika na nati ya kwanza. Binti yangu akachukua beseni langu, akamwaga maji ya sabuni, akalisukuma kwa mguu mpaka karibu na kichwa chake.

"Kinga mafuta kwanza, kaka," akamwambia. "Au nikufundishe? Leo nina muda."

Kazi iliwachukua mpaka Jumapili jioni. Jumatatu lori la kijani lilipinda pale kwenye kona, tairi la kushoto likateleza kidogo, la kulia likasukuma, tukatoka. Yule wa mkunga alijifanya anahesabu matofali. Msimamizi alinyanyua mkono tu, tukapita.

Hasira yangu haijaisha. Mkubwa huja kunisalimia, nami humwitikia. Kiti cha baba yake anakikalia dada yake. Yeye mkubwa nampa kigoda.