Onyo la Maji ya Bondeni

Saa nne asubuhi, fundi wa tovuti wa idara ya maji aliwasha simu ya majaribio, yenye skrini ya upana wa vidole vinne, akaanza kuupunguza ukurasa wa idara ili watu wausome bila kuuvuta huku na huko. Aliondoa ramani, akaondoa majedwali. Kila alichokata kilitoka kwenye tundu la chaji, kibichi, chenye ute, kikadondokea kwenye ndoo iliyowekwa chini ya meza kwa kazi hiyo.

Meneja akaja kuangalia. Picha ya mkurugenzi akinywa glasi ya maji ilijaza skrini. Chini yake lilibaki onyo: maji ya mtaa wa bondeni yameingiwa na kinyesi, yachemshwe.

"Hilo refu. Kata."

"Si tupunguze picha, bosi?"

"Picha haiguswi."

Fundi akakata. Onyo likadondoka, likavunda papo hapo kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Mama wa usafi alikuja kuchukua ndoo, kaziba pua.

"Leo umekata nini, mwanangu? Hii imezidi."

"Onyo la maji, mama."

"Ndiyo maana," alisema, akaenda kumwaga.

Fundi alinawa mara tatu. Alijionea kinyaa, yeye na kazi yake na ule mshahara wake. Mdogo wake aliishi bondeni na mtoto wa miezi minane. Akampigia.

"Usimpe mtoto maji ya bomba. Yana kinyesi."

"Dada, ukurasa wenu ninao hapa. Mkurugenzi mwenyewe anayanywa. Mtoto kashakunywa."

"Onyo lilikuwepo. Nimelikata mimi."

"Wewe ukate kitu kama hicho?" Mdogo wake alicheka. "Acha utani."

Jioni fundi alikwenda jalalani, akaliokota onyo, akalitia kwenye mfuko na kulipeleka bondeni. Mdogo wake alinusa mara moja tu, akabandika sufuria ya maji jikoni. Mtoto alikuwa ameshaharisha mara tatu.

Majirani walikuja kuuliza mkaa wote huo unachomwa kwa ajili ya nini. Wakafunguliwa mfuko. Wakaziba pua, wakakubali kwamba kweli unanuka. Kisha kila mmoja akatoa simu yake, akamtazama mkurugenzi na glasi yake, akashuka mpaka mwisho wa ukurasa.

"Huku hakuna kitu," walisema, wakabeba ndoo zao kwenda bombani.