Selpha na Mashine za Pradip

Kiwanda cha pinboli cha marehemu Pradip kilipotimiza miaka hamsini, mjukuu wake Jay aliamua kukiandikia historia yenye heshima. Kazi haikuwa rahisi, maana kiwanda chenyewe hakikuwahi kuwa na heshima. Kilikuwa banda la mabati kando ya reli, Kisumu, likitengeneza yale masanduku ya baa yenye kioo juu, ambamo unapiga gololi ya chuma huku na huku hadi ikuponyoke, utukane.

Jay akamwendea Mama Selpha, aliyesokota nyaya kuwa koili za mashine hizo tangu mwanzo, amsomee alichoandika.

"'Mwanzilishi wetu alisomea uhandisi Ulaya...'"

"Ulaya gani?" Mama Selpha akamkata. "Babu yako aliishia Muhoroni hapo jirani, na huko pia alitapika njiani."

"Sasa pinboli ilitoka wapi?"

"Aliagiza mashine ya kutengeneza barafu, awauzie barafu watu wa samaki Asembo Bay. Sanduku likafika, ndani mna mchezo wa walevi, tena umevunjika. Alitukana kwa Kigujarati mpaka sauti ikakauka. Halafu akaufungua aone umeundwaje. Ya pili tuliitengeneza kwa springi za kitanda chake. Bibi yako alilala chini mwezi mzima."

Jay hakuandika neno. Akaendelea hadi kwenye mashine iliyouzwa kuliko zote, ile yenye picha ya samaki mbuta anayemeza gololi. "'Aliibuni mwenyewe, akisaidiwa na wanawake wachache.'"

Mama Selpha alikuwa amevumilia joto la mabati, nyaya kumkata vidole, na Pradip kumwita kwa jina la dada yake miaka yote hiyo. Lakini hili lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Yule mbuta, yeye ndiye aliyemchora, kwa mkaa, juu ya katoni, Pradip akikoroma kando.

"Mpigie simu Opondo, yule wa baa ya Ahero," akasema. "Afungue mashine yake kwa nyuma, aangalie chini ya koili ya kushoto."

Jay akapiga, akaweka spika. Wakasikia bisibisi, kisha matusi, kisha Opondo: "Kuna maandishi mekundu. 'Selpha ndiye alibuni hii. Pradip ni mvivu.'"

"Umeandika hivyo kwa mashine ngapi?" Jay akauliza.

"Zote."

Jay alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha aibu ikamshika. "Nisamehe, Mama."

"Huo msamaha uandike kwa kitabu."

Akauandika. Kitabu kilipotoka, shangazi yake Sneha alisema kimeuvua ukoo nguo, ila alikimaliza kwa siku mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema: Selpha Awuor, mbunifu. Mama Selpha mwenyewe alikisoma mezani pake kazini, akasahihisha tarehe mbili kwa kalamu, akatokwa na machozi, akaulaumu moshi wa kuchomelea nyaya. Kisha akamuuliza Jay kama kitabu kinajua kusokota koili, ama warudi kazini.