Zamu ya Diski ya Kijani

Ratiba ya kuzungusha diski Kanyiva aliipanga mwenyewe. Studio ya Tobias mtaani Donholm, alikoajiriwa, hupiga video za harusi na matanga, na kazi ya mteja ikipotea, maiti hazikwi mara ya pili. Basi akanunua diski mbili, akazitia alama kwa rangi ya kucha, moja nyekundu, moja kijani. Moja hukaa kwenye kompyuta ikinakili kila kitu. Nyingine hulala nyumbani kwa Kanyiva, mtaa wa Fedha, wezi au moto usije ukamaliza zote. Kila Ijumaa hubadilishana, na inayorudi hufutwa ianze upya.

Mwaka jana babake Kanyiva, mzee Munyoki, alikaa mbele ya kamera akichonga mwiko na kuwaaga wanawe mmoja mmoja. Kompyuta ilipokuja kusafishwa kupisha kazi za wateja, mzee akabaki kwenye diski ya kijani peke yake. Kanyiva alipokwenda kumzika, aliiacha studio, akamsihi Tobias asiiguse mpaka arudi. Alirudi akakuta diski imejaa harusi ya watu, mzee hayumo.

“Si ni wewe ulisema zizunguke?” Tobias alimwambia, mdomo umejaa chapati. “Zamu yake ilifika, nikafuta. Pole basi.”

Pole basi! Donge hilo Kanyiva alilimeza, lakini halikushuka. Kila asubuhi alimwamkia bosi wake kwa adabu na kumchukia upya.

Mwezi uliopita stima ilikatika, ikarudi kwa nguvu, ikaunguza kompyuta pamoja na diski nyekundu iliyochomekwa. Ya kijani ilikuwa salama Fedha, kazi zote ndani, na pia video ya mamake Tobias, marehemu sasa, akimbariki mwanawe kutoka kitandani. Nakala nyingine haikuwepo popote. Kanyiva akarudisha harusi zote na matanga yote kwenye kompyuta mpya. Ya mama akaihamishia kwenye flashi, akaitia mkobani, kisha akaifuta diski.

“Ya mama imeharibika, bosi,” alisema. “Haifunguki. Pole basi.”

Tobias alilia mbele ya wateja, na Kanyiva akafurahi, tena sana. Lakini hakuwa na roho ya kumtesa milele. Aliapa kwamba siku atakapoombwa msamaha kuhusu babake, atamrudishia mama yake.

Siku ikafika. Tobias alivuta kiti, macho mekundu. “Kanyiva, ile ya mzee wako, nilikukosea. Sasa ndio najua vile inauma. Nisamehe.”

Machozi yalimlenga Kanyiva. Mkono ulikuwa tayari mkobani, vidole vimeishika flashi.

“Ingawa,” Tobias akaongeza, akipangusa pua, “yako ilikuwa tu mzee anachonga mwiko. Huyu wangu ni mama.”

Kanyiva akaitoa flashi, akaichomeka kwenye kompyuta mbele yake.

“Hiyo ni nini?” Tobias aliuliza.

“Ni kitu ya zamani tu, bosi. Zamu yake imefika.”

Akafuta.