Kopo kwenye Dirisha la Hamimu

Hamimu alikuwa mpiga picha wa Buyenzi, Bujumbura, mpaka mwaka 1996 wezi walipoingia studio yake wakabeba kamera zote. Waliacha karatasi za picha na dawa za kuzisafishia, maana hawakujua ni vitu gani. Mkewe Fadhila na watoto walikuwa wamekwishakimbia vita na kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Yeye alibaki kulinda nyumba.

Saa ya kuvrefe, marufuku ya kutembea usiku, ikifika, milango yote hufungwa na hakuna anayetoka. Usingizi ukawa haumjii. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akalipaka rangi nyeusi ndani, akalitoboa kwa sindano na kubandika karatasi ya picha ndani, mkabala na tundu. Akaliweka dirishani, likitazama barabara, akaliacha hadi alfajiri. Mwenyewe hakuthubutu kusimama hapo.

Picha za kwanza zilimwogopesha. Usiku kucha alikuwa amesikia buti za doria, lakini barabara ilitoka tupu. Kwa tundu dogo vile, anayetembea haachi alama. Aliyetulia tu ndiye huonekana. Mabati, mfereji, taa. Mji usio na mtu.

Siku moja, chini ya balbu ya nyumba ya mbele, akatokea mtu ameketi. Usiku uliofuata pia, palepale. Hamimu alivuka barabara asubuhi na picha mkononi. Nyumba ile ilikuwa ya Léoncie, mjane ambaye hakuwahi kusemezana naye zaidi ya salamu.

"Mama, huyu ni wewe?"

Léoncie aliitazama sana. "Ni mi. Mutoto wangu Audace alienda Gatumba, hakurudi. Akija usiku, anikute." Kisha akasema, "Nilifikiri hakuna mutu ananiona."

"Hata mi silali, mama."

"Na picha yako iko wapi?"

Hamimu hakuwa nayo. Léoncie akamwambia alete kopo, ataliweka dirishani kwake, litazame mlango wa Hamimu.

Usiku huo Hamimu aliwasha balbu, akaketi mlangoni pake. Picha ilionyesha shati na mikono vizuri, lakini mahali pa kichwa palikuwa na ukungu.

"Ulikuwa unageuka kila wakati," Léoncie alisema.

Ilikuwa kweli. Kila mlio, alitazama. Hata hivyo aliituma Uvira kwa mama mmoja mchuuzi. Jibu lilirudi kwa mdomo: Fadhila amelia, na mtoto mdogo ameuliza huyu asiye na uso ni nani.

Siku hiyo Hamimu hakula. Giza lilipoingia aliketi tena, kopo likiwa dirishani kwa Léoncie, akaegemeza kisogo kwenye mlango. Risasi zililia upande wa Kamenge. Mbwa wakabweka. Miguu ya mtu ikapita mbio karibu kabisa, na shingo ikamuuma kwa kutaka kugeuka. Hakugeuka.

Safari hii uso ulitoka: pua, ndevu, hata mdomo. Aliituma kwa mama yuleyule. Baada ya hapo mpaka ukafungwa, na hakujua kama ilifika.

Audace naye hakuonekana. Balbu mbili ziliendelea kuwaka, moja kila upande wa barabara, na chini yake watu wawili wasioweza kuitana, kwa sababu sauti usiku ilikuwa hatari.